Kabla hujameza dawa ya kusafisha mbegu za kiume, soma hapa kwanza

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza na maswali yanayokuja dirishani kwangu ni yaleyale kila wiki. Kaka majibu yanasema mbegu zina usaha, nimeze nini? Mke wangu ana UTI haiishi, mi sina shida yoyote, na mimi nipime? Nimemaliza dozi ya sipro, ile antibayotiki, mbona hali ileile? Mbegu nilizoleta mmesema hazitembei, ndo nimekuwa tasa? Namjibu huyu, kesho anakuja mwingine na lilelile, kwahiyo nimekaa nimeandika yote hatua kwa hatua. Iweke kwenye simu, isome taratibu na mkeo akiwepo, maana hili ni la wawili.

Naandika pia kwa sababu linaniuma. Naona akina mama wanakuja na mafaili manene, miaka minne mitano wamepigwa picha za mirija, wamesafishwa kizazi, wamezungushwa kwa waganga, huko nyumbani wifi na mama mkwe hawampi hata nafasi ya kupumua, halafu ukimuuliza mumeo ameshapima anatikisa kichwa tu. Jamani, karibu nusu ya wenza wanaokosa mtoto, mwanaume ana sehemu yake kwenye tatizo, iwe peke yake au pamoja na mke. Na maambukizi ya bakteria ni moja ya sababu ambazo zinatibika, tena bila kuuza shamba.

Bakteria wanafanya nini kwa mbegu, kwa ufupi tu. Wengi wanaingia kupitia mrija wa mkojo, wanapanda mpaka kwenye tezi dume na kwenye ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambapo mbegu zinakomalia. Wengine wanazing'ang'ania mbegu zenyewe, zinagandana haziendi. Mwili nao unatuma askari wake, yaani seli nyeupe, na hao askari wakipigana wanatoa kemikali kali zinazochoma ngozi ya mbegu na hata vinasaba vilivyomo ndani. Na uvimbe ukikaa muda mrefu bila tiba unaacha kovu, kovu linaziba njia, hapo mbegu zinatengenezwa ila hazitoki. Wanaohusika sana ni wa kisonono, wa klamidia (nao ni ugonjwa wa zinaa), wale wadogo wanaoitwa maikoplazima, na wa kutoka kwenye utumbo kama E. coli. Klamidia ndo mbaya zaidi kwa kujificha, zaidi ya nusu ya wanaume walionayo hawasikii chochote. Kwahiyo ukisema "mi sina dalili" hujaniambia kitu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Mkeo, au mwenza wako. Naweka wa kwanza makusudi.

Daftari dogo au noti kwenye simu. Andika dawa zote ulizomeza miezi mitatu iliyopita, na ninaposema zote ni zote, za hospitali, za duka la dawa, za mmasai, unga wa kuongeza nguvu, sindano za gym. Andika na magonjwa: uliwahi kutoa usaha ujanani, uliwahi kupata matubwitubwi korodani zikavimba, kichocho, TB, upasuaji wa ngiri au busha, malaria kali ya hivi karibuni.

Kikopo cha maabara. Kichukue maabara yenyewe, kisafi, mdomo mpana, hakijafunguliwa. Usije na chupa ya dawa ya kikohozi uliyoisuuza, wala kontena la asali.

Asubuhi moja isiyo na haraka, na hela ya vipimo. Bei zinatofautiana sana kati ya hospitali na maabara binafsi, piga simu uulize kabla hujatoka nyumbani, uliza na bima yako kama inalipia, maana vipimo vingi vya uzazi bima hazilipi na watu wanashtukia dirishani.

HATUA ZENYEWE

1. Hesabu muda.

Mkikutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijaingia, ni wakati wa kupima. Mke akiwa na miaka 35 kwenda juu msingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Ila kama una dalili, au uliwahi kuugua kisonono, au mke ameambiwa ana PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, usihesabu miezi, nenda wiki hii. Na kwa nyie wa kambini, nyie wavuvi wa dagaa mnaorudi nyumbani mbalamwezi ikiwa kali, hesabuni vizuri, wiki tatu kisiwani mke yuko Kirumba hiyo sio "mara kwa mara", inawezekana kabisa hamna ugonjwa ila hamkutani siku zinazohitajika.

2. Jikague.

Fanya ukiwa umetoka kuoga maji ya uvuguvugu, ngozi imelegea. Shika korodani moja moja kwa vidole, uizungushe taratibu. Angalia uvimbe, maumivu nyuma ya korodani, kamba nene inayouma, mishipa iliyojikusanya kama minyoo. Angalia chupi yako kama ina madoa ya usaha asubuhi kabla hujakojoa. Kumbuka kama unasikia moto ukikojoa, maumivu kati ya korodani na haja kubwa, maumivu ukimwaga, au shahawa zenye rangi ya kahawia au damu.

ONYO. Korodani ikikuuma ghafla, maumivu makali, imepanda juu, unatapika, achana na huu mwongozo uende hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Hiyo inaweza kuwa korodani imejinyonga, na una kama saa 6 kuiokoa. Nimeona vijana walioambiwa ni ngiri wakangoja kesho, kesho yake korodani imeshakufa.

3. Nenda kwa daktari, usianzie duka la dawa.

Hapa ndo wengi mnapotea. Mtu anasikia moto kwenye mkojo, anaenda dukani anasema "nipe ya UTI", anapewa vidonge vitano vya hiki na vinne vya kile, moto unapungua, anaacha. Bakteria wamepigwa ila hawajafa, waliobaki ndo wale wabishi, na akija kupima siku ya tatu hatuoni kitu kwa sababu dawa imewaficha. Majibu yanatoka safi wakati ugonjwa upo.

Sema ukweli kwa daktari. Kama una mwenza mwingine, sema. Atakuuliza tu kwa sababu dawa zinatoka kwenye hayo majibu. Kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia, sio lazima uanze na hospitali kubwa kama Bugando au Sekou Toure, huko utapelekwa ikihitajika daktari bingwa wa njia ya mkojo.

Na hili la UTI, ngoja niliseme. Hapa kwetu kila kinachowasha ni UTI na kila UTI imetoka chooni. Kisonono na klamidia hazikai kwenye sinki la choo zikikusubiri, zinatoka mtu kwa mtu. Nasema hivyo sio ili mkagombane nyumbani, kwa sababu klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kelele, huwezi kujua nani alianza na lini, na kutafuta wa kumlaumu hakutawapa mtoto.

4. Pima mkojo, ila ujue mkojo upi.

Hili linachanganya watu kila siku. Ukitafutwa kisonono au klamidia kwa kipimo cha vinasaba, kile kinachotafuta DNA ya bakteria, tunataka mkojo wa MWANZO, ule unaotangulia kabisa, kidogo tu, kama vijiko viwili vya chakula, na uwe umekaa angalau saa moja bila kukojoa, bila kuosha kwanza. Ule wa mwanzo ndo unakomba bakteria walioko kwenye mrija. Ukitafutwa UTI yenyewe ya kibofu kwa kuotesha, yaani tunawakuza bakteria maabara tuwajue, tunataka wa KATIKATI, unaosha kwanza kichwa cha uume, unaachia wa mwanzo uende, unakinga wa kati. Mtu anakuja na wa katikati kwa kipimo cha klamidia halafu anaambiwa hana, kumbe ameumwaga chooni. Uliza dirishani, "mnataka wa mwanzo au wa katikati?" Usione aibu. Kipimo cha vinasaba hakipo kila maabara, uliza kabla hujapanga foleni.

Siku hiyohiyo pima kaswende na VVU. Sindano ni moja, damu ni moja, malizana nayo.

5. Toa sampuli ya mbegu. Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo mnaharibu.

Kaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga kwa njia yoyote. Chini ya siku mbili mbegu zinakuwa chache, zaidi ya saba zinakuwa nyingi ila nyingi zimezeeka na kufa. Kwahiyo we uliyetoka kambini jana baada ya wiki tatu, usije leo. Lala na mkeo kwanza, halafu hesabu siku tatu au nne, njoo.

Siku yenyewe kojoa kwanza. Nawa mikono na sabuni, osha uume na sabuni, ukiwa hujatahiriwa rudisha ngozi nyuma uoshe mpaka ndani, suuza mpaka sabuni yote iishe, jikaushe. Hii ya kuosha ni muhimu sana kama tunaotesha bakteria, usipoosha tutaotesha bakteria wa ngozi yako halafu utapewa antibayotiki za ugonjwa ambao huna.

Toa kwa mkono, moja kwa moja kwenye kikopo. Bila mate, bila mafuta ya kujipaka, bila sabuni, vyote hivyo vinadhuru mbegu. Usitumie kondomu ya kawaida, nayo inazidhuru. Na usifanye ile ya kuanza na mkeo halafu unachomoa mwishoni, matone ya kwanza ndo yana mbegu nyingi kuliko yote na hayo ndo yanayopotea, na unaleta bakteria wa ukeni juu yake. Kama imani yako inakubana kuhusu kufanya peke yako, mke anaweza kukusaidia kwa mkono wake, wengi wanaona hapo pana nafuu, maabara nyingi zitamruhusu aingie nawe chumbani ukiomba kwa heshima.

Ikimwagika kidogo sema. Usiogope, hatukufokei. Ukinyamaza nitaandika ujazo mdogo, daktari atadhani mirija imeziba, utaanza kuzungushwa vipimo vya bure.

Funga kikopo, andika jina, tarehe na saa uliyotoa. Saa usiisahau, mi naanza kuhesabu kutoka hapo.

Kama umetolea nyumbani, ifike ndani ya dakika 30, na isizidi saa moja. Ibebe mfuko wa ndani wa shati karibu na mwili, ibaki na joto. Isipigwe jua kwenye bodaboda, na usiiweke kwenye baridi. Kuna mzee mmoja alikuja kutoka Igombe, mtu mzima, mstaarabu kabisa, nimempa shikamoo akafungua tenga la samaki, akachimbua barafu, akatoa kikopo kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni mara tatu. Akaniambia, "Mwanangu nimekitunza vizuri, kimelala kwenye barafu tangu saa kumi na moja, hakijaharibika." Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikaweka tone kwenye kioo, nikaangalia darubini, mbegu zipo nyingi tu zimelala kimya zote, hakuna hata mkia unaotikisika. Baridi. Barafu inatunza sangara, mbegu inazilaza. Nilimwomba arudi wiki iliyofuata atolee palepale kwetu, akarudi, na zikawa zinatembea. Fikiria angepewa yale majibu ya kwanza akaenda nayo nyumbani.

Walioko Ukerewe, Sengerema, Kome, msibebe sampuli. Hata kama daraja la Kigongo–Busisi limefupisha safari, saa moja inaisha njiani, na kwa meli ya Nansio ndo usiseme. Panda wewe mwenyewe, lala mjini kama ikibidi, utolee maabara.

6. Soma majibu bila kuzimia.

Shirika la Afya Duniani kwenye toleo lake la 2021 limeweka vipimo vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 kwa bao moja, zinazotembea kwa ujumla asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, na zenye umbo zuri asilimia 4. Ndiyo, 4, hujasoma vibaya. Watu wanakuja wanalia "asilimia 94 za mbegu zangu ni mbovu", kaka hiyo ni kawaida ya binadamu.

Na hivyo viwango vimetoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, wakachukua wale wa chini kabisa kati yao wakaweka mstari hapo. Kwahiyo kuwa chini ya mstari maana yake nafasi ni ndogo zaidi, sio kwamba huzai. Wala kuwa juu yake sio cheti.

Sasa mambo ya maambukizi. Angalia sehemu ya seli nyeupe, wengine wanaandika seli za usaha. Zikizidi milioni 1 kwa mililita hapo kuna mashaka ya uvimbe au maambukizi. Lakini tahadhari, kwenye darubini ya kawaida mbegu changa ambazo hazijakomaa nazo ni za duara, zinafanana na seli nyeupe, zinahitaji rangi maalumu kuzitofautisha. Uliza, "hizi seli mmezitofautisha au ni za duara tu?" Swali hilo moja linaweza kukuokoa na mwezi mzima wa antibiotiki usizohitaji.

Angalia pia kama wameandika mbegu zimegandana. Nikiona hilo huwa naangalia mara mbili, zimeshikana kichwa kwa kichwa au mkia kwa mkia, makundi makundi, mikia inapiga kwa nguvu lakini haiendi popote, kama dagaa walionasa kwenye wavu wanatapatapa. E. coli anaweza kufanya hivyo. Kinga ya mwili ikizigeukia mbegu nayo inafanya hivyo, ndo maana unahitaji majibu ya kuotesha kabla hujaamua ni nani.

Majibu ya kuotesha yanachukua siku kadhaa, usitusumbue kesho yake. Yatakuja na jina la bakteria na orodha ya dawa zinazomuua na zisizomuua. Hiyo orodha ndo dhahabu. Ipige picha uitunze.

Na kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu. Mbegu zinapanda na kushuka. Ulikuwa na homa kali ya malaria mwezi uliopita? Zitakuwa chini, homa inazichoma zikiwa bado zinatengenezwa. Kikitoka kibaya rudia.

7. Tibiwa, na mtibiwe wote.

Dawa ataandika daktari kulingana na majibu, mimi nitakupa ya kujua tu. Kisonono siku hizi kinatibiwa kwa sindano ya seftriaksoni, sipro imeshazoeleka na hao bakteria na haishauriwi tena, hata kama ilimponya rafiki yako zamani. Klamidia kwa kawaida ni doksisaiklini ya siku 7, asubuhi na jioni, umeze na maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, usilale papohapo itakuunguza koo. Uvimbe wa nyuma ya korodani kwa kawaida ni siku 10 mpaka 14. Bakteria waliojificha kwenye tezi dume ni wiki nne na zaidi, na hapo wengi wanakata tamaa wiki ya pili kwa sababu maumivu yameisha. Usikate.

Mke atibiwe wakati mmoja na wewe kama ni ugonjwa wa zinaa, hata kama hana dalili, na mwenza mwingine yeyote vilevile. Hakuna kukutana mpaka wote mmemaliza dawa, na kama ilikuwa sindano ya siku moja ngojeni siku 7. Nimeona wanaume wanatibiwa mara nne kwa mwaka, kila wakirudi nyumbani wanaambukizwa upya na mke ambaye hakuna aliyemwambia chochote. Mwambie mkeo. Kama maneno hayatoki nenda naye kliniki, omba mhudumu awaambie wote wawili kwa pamoja, wamezoea.

Makosa ninayoyaona hapa: kugawana dozi moja na mke nusu kwa nusu. Kuacha usaha ukikauka. Kuchanganya na dawa za mizizi za "kusafisha mbegu" ambazo hujui zina nini. Kuongeza sindano za homoni ya kiume ukidhani zitaongeza mbegu, wakati hizo ndo zinazima kiwanda kabisa, ubongo ukiona homoni imejaa unaacha kuamuru korodani zifanye kazi. Vijana wa gym mnisikie.

8. Ngoja miezi mitatu, halafu rudia kipimo.

Mbegu inachukua kama siku 64 mpaka 74 kutengenezwa, halafu wiki moja mbili kusafiri na kukomaa. Kwahiyo mbegu utakazotoa wiki ijayo zilianza kutengenezwa ukiwa bado mgonjwa. Ukipima wiki mbili baada ya dawa utaona ubaya uleule na utasema dawa ni feki. Andika tarehe ya kumaliza dawa, ongeza miezi mitatu, ndo urudi, siku zilezile za kukaa bila kumwaga na ikiwezekana maabara ileile.

Ila cheki ya bakteria haingoji hivyo, daktari anaweza kutaka kuhakikisha wameisha baada ya wiki chache.

Hiyo miezi mitatu itumie vizuri. Acha sigara na bangi, punguza pombe na gongo ndo kabisa. Acha suruali za kubana, na kompyuta usiiweke mapajani, korodani zimening'inia nje kwa sababu zinataka ubaridi. Kula samaki, mboga, matunda, huku kwetu hivyo havina udhuru, sato na dagaa wapo, maembe yapo.

UKIKWAMA

Usaha upo ila kuotesha hakujaota kitu. Inatokea sana. Klamidia na maikoplazima hawaoti kwenye sahani zetu za kawaida, wanataka kipimo cha vinasaba. Au ulikuwa umemeza antibayotiki ndani ya wiki mbili. Na kama umekonda, unatoka jasho usiku, au uliwahi kukaa na mgonjwa wa TB, mwambie daktari, TB inaweza kukaa kwenye mirija ya uzazi na yenyewe haioti kwa njia ya kawaida.

Damu kwenye shahawa. Kwa kijana mara nyingi inapita yenyewe, lakini wewe wa huku usiiache. Kichocho cha mkojo kinafanya hivi. Yule wa ziwani kwetu zaidi ni wa tumbo, ila kama umekulia vijiji vya ndani umeogelea mabwawa au umelima majaruba ya mpunga, pima. Sio bakteria, antibayotiki hazimgusi, dawa yake ni prazikwanteli.

Mbegu sifuri. Pumua kwanza. Waulize kama walizungusha sampuli kwenye mashine wakaangalia masalia ya chini, wakati mwingine zipo chache zimejificha. Rudia. Ikibaki sifuri daktari bingwa atatafuta kama kiwanda kimesimama au njia imeziba, kwa kushika korodani na kupima homoni kwenye damu. Njia iliyoziba kwa kovu la kisonono cha zamani haifunguliwi na vidonge, wapo wanaofanyiwa upasuaji, wapo wanaovunwa mbegu moja kwa moja kwa sindano kwa ajili ya kupandikiza. Yeyote anayekuuzia chupa ya kufungua mirija anakula hela yako.

Maambukizi yanarudi kila baada ya wiki chache. Maswali matatu: mke alitibiwa? Ulimaliza? Dawa ilichaguliwa kwa majibu ya kuotesha au kwa kubahatisha? Yote yakiwa sawa waangalie tezi dume.

Bakteria wameisha lakini mbegu bado dhaifu hata baada ya miezi mitatu. Hapo kuna kitu kingine pembeni. Cha kwanza kutafuta ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, hasa kushoto, wanaume wengi wanayo na kati ya wenye shida ya uzazi ni wengi zaidi. Inaonekana kwa kushikwa ukiwa umesimama.

Nimeshindwa kutoa sampuli maabara. Chumba kidogo, watu wanaongea nje, mwili unagoma, inatokea kwa wanaume wazima kabisa. Mwambie mhudumu, nenda nyumbani kama unakaa ndani ya dakika 30, Mabatini, Igogo, Nyakato, utawahi. Kama ni mbali panga siku nyingine uje na mke, au chukua chumba cha wageni karibu.

Mbegu ziko vizuri, mimba hakuna. Basi ni zamu ya kupima mirija ya mke, kwa sababu klamidia ileile iliyopita kwako bila kelele inaweza kuwa imeacha kovu kwake. Mpeleke wewe mwenyewe, ubebe na picha ya majibu yako, daktari ataanza na hiyo.